Ubobezi Upi Katika Shahada ya Biashara?

Katika shahada ya biashara, vyuo vingine humtaka mwombaji ataje fani yake tangu siku ya kuomba nafasi. Vingine humwacha asome kwanza uhasibu wa awali, uchumi, takwimu, sheria na uongozi, kisha achague. Kwa njia yoyote ile, swali halikwepeki: uhasibu, fedha, masoko, ununuzi na ugavi, au rasilimali watu? Wengi hulijibu kwa kauli ya mjomba kwamba uhasibu una ajira, au kwa kukimbia hesabu. Njia ya uhakika zaidi ni kutazama kazi yenyewe.

Chukua kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mkoani Singida. Mavuno yakifika, katikati ya mwaka, mbegu hujaa na bei hushuka. Miezi ikisogea mbegu huadimika, na asiyeweka akiba ghalani husimamisha mashine. Tatizo ni moja, lakini kila fani hulishika kwa upande wake.

Mhasibu huuliza gharama halisi ni ipi. Gunia moja la mbegu hutoa mafuta na mashudu, kwa hiyo lazima aamue gharama ya gunia hilo igawanywe vipi baina ya bidhaa hizo mbili. Akikosea, kiwanda kitadhani kinapata faida kwenye mafuta kumbe kinapata hasara.

Mtu wa fedha huanzia kwenye mkopo. Kiwanda kikikopa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, mbegu zikikaa ghalani miezi sita, riba peke yake ni shilingi milioni 9. Kulimbikiza kuna maana tu iwapo thamani ya mbegu inatarajiwa kupanda kwa zaidi ya asilimia 9, tena kabla ya kuhesabu uhifadhi na upotevu.

Mtu wa ununuzi hujadiliana na vyama vya wakulima, hupima unyevu wa mbegu na kupanga usafiri. Wa masoko hutafuta sababu ya mama ntilie kuacha mafuta ya mawese yanayotoka nje, na huamua kama wauze kwa madumu ya lita 20 au chupa za lita moja. Wa rasilimali watu hushughulikia vibarua wa msimu: mikataba, michango ya hifadhi ya jamii, na namna ya kuwapata tena mwakani wale waliokwisha kuijua mashine.

Jambo la pili ni kinachokusubiri baada ya mahafali. Tanzania, mhasibu hukutana na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Shahada ya uhasibu humpunguzia baadhi ya mitihani, lakini cheti cha mhasibu aliyeidhinishwa (CPA) hakipati bila kukaa mitihani ya bodi. Ununuzi na ugavi nao una bodi yake, PSPTB, kwa sheria ya mwaka 2007. Nchini Kenya, rasilimali watu pia ni taaluma inayosimamiwa kwa sheria, tangu mwaka 2012. Anayechagua fani hizi ajipange kwa ada na muda zaidi ya miaka ya shahada.

Masoko hayana mtihani wa namna hiyo kama sharti la kuanza kazi. Wengi hudhani huo ni urahisi. Kwa kweli mzigo umehamia kwingine: mwajiri asiyekuwa na cheti cha bodi cha kutazama atauliza umeuza nini, wapi, na kwa matokeo gani. Mwanafunzi wa masoko asiyeanza kuuza angali chuoni atahitimu akiwa na alama tu.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, rudia yale maswali ya kiwanda. Lipi ungeendelea kulifikiria hata bila kulipwa? Kisha tumia mafunzo kwa vitendo kulijaribu: omba nafasi kwenye idara unayoitaka, wala usikubali kumaliza wiki zote ukitoa fotokopi. Ukigundua kwamba kazi yenyewe inakuchosha, zungumza na mshauri wako wa masomo mapema. Kubadili fani mwaka wa kwanza ni rahisi kuliko kubadili taaluma ukiwa na miaka 30.