Mtini wa Fidla: Mgeni Apendaye Nuru, Achukiaye Gharika

Miongoni mwa mimea ya mapambo inayouzwa vitaluni siku hizi, ni michache inayovutia macho upesi na kuwavunja moyo wenyewe upesi kama mtini wa fidla. Jani lake ni jembamba kiunoni na pana kichwani, mithili ya fidla tuijuayo katika taarabu, na huweza kufikia urefu wa sentimita 45. Hununuliwa kwa furaha, huwekwa pembeni mwa sebule ili upambe, na baada ya miezi michache majani huanza kuanguka moja baada ya moja.

Kwa kuwa familia nyingi za Pwani zina watu wao waliopelekwa na kazi au biashara mwambao wa Ziwa Viktoria, makala haya yanazungumza zaidi na walioko Homa Bay na Migori. Msomaji wa Mombasa au Lamu naye atapata fungu lake.

Nasaba yake

Mti huu, ambao mtaalamu Otto Warburg aliupa jina la kisayansi la Ficus lyrata mwaka 1894, asili yake ni misitu ya mvua ya Afrika Magharibi, kuanzia Sierra Leone hadi Kameruni. Ni wa ukoo mmoja na mtini uzaao tini, tunda lililoipa jina Surat at-Tin, na pia na mikuyu ya kwetu, ambayo Waluo huiita ng'owo.

Huko msituni, mara nyingi mbegu yake haioti ardhini. Huota juu, katika panda ya mti mwingine, kisha mizizi ikateremka polepole hadi kwenye udongo. Jambo hili ndilo ufunguo wa malezi yake: mizizi yake imezoea hewa, na majani yake huchuma nuru kutoka juu. Aghalabu nyumbani tunaupa kinyume chake, yaani giza na maji mengi.

Nuru

Vitabu vingi vya bustani za ndani vimeandikwa Ulaya na Marekani. Humwambia msomaji aweke mmea kwenye dirisha la kusini na apunguze maji wakati wa baridi kali. Nasaha hizo hazitufai. Homa Bay iko karibu nusu digrii tu kusini mwa Ikweta, na Migori digrii moja hivi. Mchana wake ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Jua huchomoza mashariki, likapita karibu na utosi na kutua magharibi. Mwezi wa Juni huegemea kaskazini, na Desemba kusini.

Kwa hiyo dirisha lililo bora ni la mashariki, lenye jua la asubuhi. Uweke mmea umbali usiozidi mita moja kutoka dirishani. Dirisha la magharibi hufaa likiwa na pazia jepesi, kwani jua la alasiri huweza kuunguza majani na kuyaachia mabaka meupe. Ikiwa nyumba ina baraza pana yenye kivuli kizito, sogeza chungu karibu zaidi na mwanga. Kila juma ugeuze robo mzunguko usije ukapinda upande mmoja, na uyafute majani kwa kitambaa kibichi, kwani vumbi la barabara za murram huyazuilia nuru.

Ukishaupatia mahali pake, usiuhamishehamishe. Mmea ulioletwa nyumbani karibuni huangusha majani kadhaa kabla ya kuzoea. Upe majuma machache ya subira.

Maji

Usimwagilie kwa kalenda. Tia kidole katika udongo hadi sentimita 5 hivi. Ukihisi unyevu, acha. Ukihisi ukavu, mwagilia polepole mpaka maji yatoke matunduni chini. Wakati wa mvua za masika na za vuli udongo hukawia kukauka, na mimea mingi hufa kwa kumwagiliwa kwa mazoea.

Majani yenyewe husema. Madoa meusi au ya kahawia yaliyolainika, hasa kwenye majani ya chini, ni dalili kwamba mizizi inaoza kwa maji mengi. Kingo kavu zinazovunjika zaashiria kiu. Anayezichanganya dalili hizi humwagilia mmea unaozama.

Udongo na chungu

Sehemu nyingi za Homa Bay, likiwamo Bonde la Lambwe, zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji na kupasuka ukikauka. Usiutie peke yake chunguni. Changanya udongo mwepesi, mchanga wa chembe kubwa, mbolea ya samadi iliyooza vyema na vipande vidogo vya mkaa. Aliyeko Migori asichukue mchanga kwenye machimbo ya dhahabu, kwani wachimbaji wadogo hutumia zebaki, nayo ni sumu. Aliyeko Pwani asitumie mchanga wa ufukweni wala maji ya kisima chenye chumvi. Maji ya mvua ni bora.

Chungu cha udongo wa kuchomwa, chenye matundu chini, hupumua kuliko cha plastiki. Kila baada ya miaka miwili hivi, uhamishie katika chungu kilichozidi kidogo tu.

Afya ya watu wa nyumbani

Hapa pana jambo lenye uzito kuliko mmea wenyewe. Kisahani chini ya chungu hukusanya maji, na maji yaliyotuama huzaa mbu. Katika joto letu, yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi. Mbu wa kidingapopo, yaani homa ya dengi iliyolipuka Mombasa mwaka 2013, hupenda vyombo vya namna hii hasa. Mbu wa malaria aghalabu huzaliana katika madimbwi ya nje, lakini kanda ya ziwa imeelemewa na maradhi hayo kiasi kwamba Kenya ilizindulia chanjo ya malaria Homa Bay, tarehe 13 Septemba 2019. Basi usiache maji yatuame popote. Mwaga maji ya kisahani nusu saa baada ya kumwagilia, na ukisugue kila juma, kwani mayai hung'ang'ania kingoni.

Jambo la pili ni utomvu wake mweupe. Huwasha ngozi, na mtoto atafunaye jani huumia kinywani. Weka mmea asipofikia mtoto atambaaye, na unawe mikono baada ya kukata.

Kukata na kugawa

Samaki mkunje angali mbichi: ukitaka mti wenye matawi, kata ncha ukiwa bado mchanga. Kipande cha sentimita 20 hadi 30 chenye majani mawili, kikiisha kutoka utomvu, hutiwa katika chupa ya maji mahali penye mwanga usio na jua kali. Badilisha maji hayo kila siku ya tatu, kwa ajili ya mizizi na kwa ajili ya mbu. Baada ya mwezi mmoja au miwili kitatoa mizizi, nawe utakuwa na zawadi ya kumpelekea jirani, pamoja na maelezo ya kisahani.