Hewa ya Mafinga ina nini? Pima kwa manila na mafuta ya mgando

Leo tuongelee hewa. Ukitaja uchafuzi wa hewa watu wanafikiria foleni za Dar au viwanda vya China. Mafinga je? Mji wa baridi na misindano, si ndiyo hewa ambayo watu wa Dar wanaitamani?

Ngoja tuhesabu. Barabara kuu ya Dar kwenda Tunduma inapita hapa mjini, na malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana. Mji unaishi kwa mbao za msitu wa Sao Hill, na penye kupasua mbao pana maranda na mabanzi. Mengine yanachomwa, na moto wa maranda hauwaki vizuri, unafukuta tu na kutoa moshi. Ongeza majiko ya kuni na mkaa majumbani.

Halafu kuna baridi yenyewe. Usiku ardhi inapoa, hewa iliyo karibu na ardhi inapoa nayo, inakuwa nzito na kutulia chini. Juu yake inabaki hewa ya moto kidogo, inakuwa kama mfuniko wa sufuria. Ndiyo maana asubuhi za Juni na Julai unaona moshi umelala juu ya mabati, haupandi. Jua likishapasha ardhi, mfuniko unafunguka. Moto ule ule, lakini saa 1 asubuhi unaumiza watu kuliko saa 7 mchana.

Sasa tunajuaje wapi pana hali mbaya zaidi? Mimi nimemaliza form four, na mada ya utafiti kwenye jiografia tuliikariri kwa ajili ya mtihani tu, hakuna siku tuliyotoka nje ya darasa. Lakini kazi hii wanafunzi wanaiweza kabisa. Iko hivi:

1. Kata manila nyeupe vipande sita vya sentimita 10 kwa 10. Chora kwa penseli miraba ya sentimita 1.

2. Paka mafuta ya mgando, safu nyembamba na sawa kwenye kadi zote.

3. Tundika tano kwa wakati mmoja, usawa wa pua ya mtu: barabarani, karibu na wanapopasua mbao, kwenye jiko la kuni, uwanja wa shule, na kwenye miti mbali na barabara. Omba ruhusa kwanza. Ya sita ifunge ndani ya boksi. Hiyo ndiyo ya kulinganishia.

4. Baada ya saa 24 zikusanye. Chagua miraba 10 kwa kura, hesabu vidoa kwa lenzi, tafuta wastani. Anayehesabu asijue kadi imetoka wapi, maana macho yanaona kile moyo unachotaka.

5. Rudia siku tatu zisizo na mvua. Kila siku andika upepo ulitoka wapi, malori mangapi yalipita kwa dakika 15, na kama kuna moto ulikuwa unafukuta.

Hapo una jedwali. Lakini jamani, msilisome vibaya. Kadi inakamata vumbi kubwa, lile unaloliona. Vumbi hilo sehemu kubwa linanaswa puani na kooni, unakohoa na kulitema. Chembe zinazoingia ndani kabisa ya mapafu hadi kwenye damu ni zile zisizozidi mikromita 2.5. Unywele una unene wa kama mikromita 70, kwa hiyo chembe hizo unaweza kuzipanga 28 kwenye upana wa unywele mmoja. Zinatoka hasa kwenye moshi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha chembe hizo hadi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa 10.

Na kuna kitu kadi haikioni kabisa. Baridi ikizidi, wapo wanaolala na jiko la mkaa chumbani, mlango umefungwa. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, ila unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kadi ya chumba hicho inaweza kutoka nyeupe pee, na waliolala wasiamke. Jiko la mkaa libaki nje, hata kama mnatetemeka.

Chembe ndogo zinahitaji mashine, na mashine si lazima itoke Ulaya. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianzisha mradi wa AirQo mwaka 2015. Wakatengeneza vipimo vya bei nafuu vinavyohimili vumbi na joto letu, wakavifunga kwenye majengo na hata kwenye bodaboda.

Kwa hiyo kadi ya manila ni ya nini? Ni ya kuondoa ubishi. Ukienda serikali ya mtaa na kusema "moshi unatusumbua", unaambiwa vumilia, ndiyo ajira za watu. Ukienda na jedwali la siku tatu, linaloonyesha kadi zilizo upande unaokopelekea upepo zimejaa masizi, mnaanza kuongea mambo mengine: maranda yasichomwe alfajiri, yapelekwe kwa wachoma tofali au waotesha uyoga. Na sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa ni za 2007.

Wadau wa Makambako, Njombe na Mbeya, baridi yetu ni moja na malori ni yale yale. Manila moja inatosha kadi zote sita. Walimu wa jiografia, mnaonaje?