Mvua ikinyesha Mulekera: nani anapaswa kutengeneza njia ya mbele ya nyumba yako?

Asubuhi mbingu ikiwa safi, wakaaji wa Mulekera wanaona theluji juu ya milima ya Ruwenzori. Theluji yetu inaishia pale. Ndugu zetu walioko Montréal, kule Canada, wao inawafunga mpaka mlangoni. Katapila za mji zinaanza na barabara kubwa na njia za hospitali, kisha zinamalizia na vinjia vya makao. Anayekaa kwenye kanjia anangoja na analalamika, lakini anajua namba ya kupigia simu: 311.

Sisi, kinachotufunga ni matope. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, tena mwezi wa nane hadi wa kumi na moja, mvua inanyesha sana, na motari anakataa kuingia ndani ya avenii. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anashuka na kutembea kwa miguu usiku. Basi, umlalamikie nani?

Inategemea njia yenyewe. Barabara za taifa, kama ile ya nambari 4 inayokwenda Kasindi, ni kazi ya Office des Routes. Njia za ndani ya mji zina ofisi yake, OVD, pamoja na meri. Za kwenda mashambani ziko chini ya idara ya njia za kilimo. Pesa za matengenezo zinapita kwenye mfuko wa FONER, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Unakusanya kwa kila litre ya mafuta na kwenye vizuizi vya malipo barabarani. Kwa hiyo motari anayenunua esanse Mulekera amekwisha kulipia njia, hata kama avenii yake haijaona katapila.

Kuhusu lami, kazi iliyozinduliwa na Congo na Uganda mwezi wa sita 2021 inahusu barabara kubwa: Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, kilomita 54. Avenii zetu hazimo ndani ya hesabu hiyo.

Sasa, sababu gani njia inatengenezwa leo na baada ya mvua tatu imekufa tena? Mara nyingi adui ni maji yanayokosa pa kwenda. Njia ya udongo inapaswa kuwa na mgongo katikati, juu kidogo kuliko pembeni, ili maji yateremke kwenye kanivo. Mgongo ukiisha, maji yanalala katikati, udongo unalainika, na lori moja tu linachimba mfereji wa magurudumu. Mvua inayofuata inapita ndani ya mfereji huo kama mto. Ndiyo maana kwenye barabara za udongo wanaweka kizuizi cha mvua: gari zinasimama masaa kadhaa mpaka njia ikauke. Madereva wanachukia kizuizi hicho, lakini kinasaidia.

Mimi mwenyewe nilianguka na moto kwenye shimo ambalo watu walikuwa wamelijaza udongo mtupu siku moja mbele. Walikuwa na nia nzuri. Lakini udongo mtupu, bila changarawe na bila kushindiliwa, ukipata mvua unakuwa uji. Katika shimo, kwanza utoe maji, kisha uweke mawe na changarawe, halafu ushindilie.

Kanivo nazo zinajaa chupa na sashe, na hapo hatuwezi kusingizia Kinshasa. Siku ya salongo watu wanafagia juu, na takataka zinarudi ndani ya kanivo. Kazi ya maana ni kuzibua kanivo kabla mvua haijaanza, mkianzia upande wa chini ambako maji yanatokea. Mkianzia juu, mnamteremshia jirani maji yote ndani ya nyumba. Na udongo mnaoutoa msiurundike ukingoni, kwa sababu mvua ya kwanza itaurudisha pale pale.