Mary Leakey, mama aliyeongoza kufukua nyayo za Laetoli

Ukipita kwenye jaruba la mpunga hapa bonde la Kilombero, nyayo zako hubaki kwenye tope mpaka mvua izifute. Huko Laetoli, mkoani Arusha, zipo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili ambazo zimedumu miaka milioni 3.6. Kazi ya kuzifukua iliongozwa na Mary Leakey. Tunaeleza habari zake leo kwa sababu wengi wetu tulimsikia zaidi mumewe, Dkt. Louis Leakey.

Mary alizaliwa London mwaka 1913. Chuo kikuu hakusoma, na shule zilimfukuza zaidi ya mara moja. Alikuwa mchoraji hodari wa zana za mawe, na macho yake hayakupitwa na kitu. Oldupai alifika mara ya kwanza mwaka 1935. (Wengi huandika Olduvai, lakini jina la Kimasai ni Oldupai, yaani mkonge pori unaoota pale.)

Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa amelala kambini, anaumwa homa. Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza kwenye mteremko, na meno makubwa yakiwa bado kwenye taya. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, la miaka takribani milioni 1.75, limevunjika vipande vingi ambavyo ilibidi viunganishwe kimoja kimoja. Sifa nyingi zilimwendea Louis, aliyekuwa mzungumzaji wa familia.

Louis alifariki mwaka 1972, Mary akaendelea. Mwaka 1978, Laetoli, kikosi chake kikapata nyayo zenyewe. Miongoni mwa waliozifukua alikuwepo Ndibo Mbuika, na jina lake nalo halisikiki sana.

Zilibakije? Volkano ilimwaga jivu, mvua ndogo ikalilowesha, viumbe wale wakapita juu yake. Jua likalikausha likawa gumu kama saruji, kisha jivu jingine likafunika. Ukizitazama, kisigino kimezama na kidole gumba kimelala sambamba na vingine, kama mguu wetu, si kama wa sokwe. Na zana za mawe kongwe zinazojulikana duniani ni za baadaye. Kwa hiyo babu zetu walisimama wima kwanza, zana zilifuata.

Nyayo hizo zilifukiwa tena ili zisiharibike, lakini migunga ikaota juu yake na mizizi ikaanza kupenya. Miaka ya 1990 wataalamu waliiondoa, wakazifunika upya. Mary alifariki Nairobi mwaka 1996.

Fuvu la Zinjanthropus linahifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Nawe ukikuta shambani mfupa uliogeuka jiwe, usiuchimbe wala kuuza. Uache ulipo, mwone mwenyekiti wa kijiji ili taarifa ifike Idara ya Mambo ya Kale.