Fidia ya Kumwokoa Ng'ombe Angali Hai

Jicho linaloamua iwapo mfugaji wa Wajir, Kenya, atalipwa halimwoni ng'ombe wake hata mmoja. Ni setilaiti inayopima ukijani wa ardhi, kipande kwa kipande cha mita 250 kwa 250. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kuurudisha mwanga jirani yake ambao macho yetu hayauoni; likinyauka, tofauti kati ya mianga hiyo miwili hupungua. Vipimo vya msimu hujumlishwa na kulinganishwa na vya miaka iliyopita katika eneo lile lile, na vikishuka chini ya kiwango cha mkataba wa bima ya mifugo, fedha hutoka. Hakuna afisa anayezunguka kuhesabu mizoga.

Bima hii ilipoanza Marsabit mwaka 2010, ukijani ulitumiwa kukadiria vifo. Baadaye mkataba ukageuzwa ulipe malisho yanapopungua, kabla kundi halijaangamia. Badiliko hilo ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa kuwa shilingi inayofika mapema hununua nyasi kavu, maji na dawa, ilhali inayofika baada ya mizoga humkuta mfugaji hana tena cha kuokoa. Februari 2017, mpango wa serikali ulioanza 2015 katika Turkana na Wajir, ukilipia kaya teule bima ya mifugo inayolingana na ng'ombe watano, ulitoa takriban shilingi milioni 215 kwa zaidi ya kaya 12,000 katika kaunti sita. Kwa wastani ni kama shilingi 18,000 kwa kaya: si utajiri, ila zaweza kuwavusha mbuzi wanaonyonyesha hadi mvua inyeshe.

Hata hivyo, wafugaji wana swali ambalo hesabu hizi haziwezi kulikwepa: huo ukijani ni wa nini? Mathenge, mti wa kigeni uliotapakaa Turkana, Baringo na Tana River, hubaki kijani nyasi zikiungua. Majani yake mifugo huyakwepa, na maganda yake matamu huharibu meno; mwaka 2006 wakazi wa Baringo walioishtaki serikali walimpeleka mahakamani mbuzi kibogoyo awe kielelezo. Kutoka angani, kichaka hicho chaweza kuonekana kama neema. Vivyo hivyo bonde lenye majani tele ambalo hakuna anayethubutu kuchungia humo kwa hofu ya wavamizi.

Watetezi wa mtambo husema kwamba hauhongeki, na kwamba ushahidi wa watu utazaa udanganyifu na ucheleweshaji. Hofu hiyo ni ya haki, lakini inahusu ushahidi unaotolewa wakati fedha ziko mezani. Wazee wanaoyajua malisho wakichora ramani ya vichaka vya mathenge kabla msimu haujaanza, wakati hakuna ajuaye kama mvua itakosekana, setilaiti itabaki na kasi yake na kosa litapungua. Usalama ni mgumu zaidi, maana bonde la amani mwezi Machi laweza kufungwa Juni, na ramani haitalijua hilo.

Lipo jingine linalotisha zaidi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa nchini Kenya. Miaka hiyo nayo inaingia katika kumbukumbu ambazo misimu ijayo italinganishwa nazo. Ukame ukizidi kuwa jambo la kawaida, je, mfugaji atanyimwa malipo kwa sababu ardhi yake imekauka kama ilivyozoea kukauka?