Ramani Umeilipia, Lakini ni ya Nani?

Wasikilizaji wetu, mtu wa Sumbawanga akipata kiwanja huanza na matofali. Yakishachomwa, ndipo akumbukapo ramani. Hapo jirani humwambia: "Chukua yangu, ukatoe nakala." Nyumba mbili husimama kwa mchoro mmoja, na aliyeuchora hana habari.

Je, kuna kosa? Lipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu kazi za usanifu majengo pamoja na vitabu, nyimbo na picha. Jirani alilipia ramani ili ajenge nyumba yake. Hakununua ruhusa ya kuigawa, isipokuwa kama mkataba wake unasema hivyo. Tena ramani iliyochorewa kiwanja cha tambarare huenda isifae penye mteremko. Nyufa zikitokea, mwenye nakala atamwuliza nani?

Hata hivyo sheria hailindi wazo tupu. Vyumba vitatu, sebule na baraza mbele si mali ya mtu. Hata malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma, hakuna awezaye kudai leo kuwa umbo lile ni lake. Lilirithiwa kizazi kwa kizazi. Kinacholindwa ni mchoro wenyewe, jinsi msanifu alivyolipanga wazo lake.

Ipo pia haki isiyohusu fedha, yaani haki ya kimaadili. Msanifu ana haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi, na ya kupinga isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Tazameni Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975. Wanaoijua miavuli ya zege ya paa lake ni wengi mno. Wanaolijua jina la Beda Amuli, aliyelisanifu, ni wachache. Amuli alifariki mwaka 2016, na soko likaungua Julai 2021. Sheria yetu humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hesabu hiyo, ni mpaka 2066.

Sisemi mwenye jengo asizibe paa linalovuja! Tunazungumzia kulibadili jengo hata msanifu aone aibu kuambiwa ni lake.

Na yule wa Sumbawanga? Amwendee msanifu yule yule, aombe ruhusa kwa maandishi. Huenda akapunguziwa bei, maana kazi kubwa imeshafanyika, na msanifu atakuja kuutazama mteremko.