Neno 'Ashara' Limekosa Nini?

Majuzi nilionyeshwa insha ya mwanafunzi wa shule moja ya msingi. Aliandika kwamba alinunua andazi kwa "ashara". Mwalimu akalipiga neno hilo mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Sheng!" Alama zikaenda na maji.

Mimi si mtetezi wa Sheng katika insha. Lugha hiyo iliyochipuka katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi hubadilika kama kinyonga, na mtahini hana wajibu wa kuikimbiza. Lakini haki na itendeke. Ashara ni kumi kwa Kiarabu, na Waswahili waliipokea zamani wakaitia katika hesabu zao: hedashara ni kumi na moja, thenashara ni kumi na mbili. Mwalimu huyo, iwapo ni Mkristo, amewasikia kanisani wale Thenashara waliomfuata Yesu, wala hajapata kumsuta kasisi kwamba anahubiri kwa Sheng. Je, vijana wa mitaani walifanya nini basi? Waliliokota neno kongwe tulilokuwa tumelitupa sisi wenyewe, wakalibandika kwenye shilingi kumi. Baadaye wakalikata likawa "ashu". Hapo, mwalimu, kalamu yako ina haki.

Fedha aghalabu huhifadhi maneno ambayo wenyewe tumeyasahau. Sumuni, tuliyoizoea kuwa senti hamsini, yaani nusu shilingi, asili yake ni thumni, sehemu moja ya nane! Nao wanaoiita sarafu ya shilingi 20 "paundi" hawakubahatisha, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa thamani ya pauni ya Kenya, ambayo serikali iliitumia katika makadirio yake ya fedha miaka mingi baada ya uhuru.

Na matatu je? Katika miaka ya sitini nauli ilikuwa senti 30, yaani mapeni matatu, au "mang'otore matatu" kwa Kikuyu. Nauli ilipanda zamani, jina likakataa kushuka. Lilikuwa neno la vituoni na la makanga. Leo limo katika sheria ya trafiki, na sijamwona mwalimu anayelipiga mstari.

Mwanafunzi yule ana daftari lake mkononi. Nimemshauri alirudishe na, kwa adabu zote, amwombe mwalimu amfafanulie maana ya thenashara.